Maji ya Jumapili

Katika basi la kwenda katikati ya Sheffield, Muriel alisikiliza mazungumzo ya kiti cha mbele, kwanza kwa bahati mbaya, kisha kwa makusudi. Bibi mmoja alikuwa akimlalamikia abiria mwenzake, bwana wa makamo asiyemjua, kuhusu boila yake, inayosukuma maji moto kwenye rejeta za kila chumba ili kupasha nyumba joto.

"Kila Jumatatu presha ya maji iko chini, mwanangu. Naongeza maji, wiki ijayo yaleyale."

"Kuna mahali panavuja, mama?"

"Pakavu kote. Fundi kachungulia hadi chini ya sakafu."

"Na Jumapili unafanya nini?"

"Natoa hewa kwenye rejeta za ukutani. Marehemu mume wangu, Len, hakukosa hata Jumapili moja. Chumba kwa chumba, yeye na ufunguo wake mdogo wa kuzifungulia, mimi na bakuli. 'Kinga hapo, bibie,' ananiambia."

"Siku hizi hewa inatoka?"

"Maji tu. Bakuli linajaa."

"Basi boila ni nzima. Maji unayamwaga mwenyewe. Huo ufunguo uweke kabatini."

Muriel, aliyefundisha fizikia maisha yake yote, hakuona kosa katika hoja hiyo.

"Len hakuwa mjinga," bibi alisema.

"Sijamsema Len, mama. Nasema boila."

"Haya. Na hivyo vyumba, Jumapili niviingie kutafuta nini?"

Bwana alifikiri.

"Presha haitashuka tena," akasema, kwa kuwa hilo ndilo alilolijua, na basi likasimama kituoni kwake.