Kikohozi cha Mwanne

Badria hakupanda mwendokasi ili asikilize ya watu, lakini tangu kituo cha Gerezani wazee wawili wa kiti cha mbele yake waliteta kana kwamba basi wamelikodi wao.

“Shomari, tangu umzike mkeo hunisemeshi,” alisema mmoja. “Mimi Mnyamwezi, wewe Mzaramo. Mtani haombi ruhusa msibani. Nilivaa kanga ya marehemu, nikakohoa kama yeye, watu wakacheka kilio kikapungua. Kosa langu nini?”

“Kanga ungevaa hata kumi, Maganga. Kile kikohozi ndicho kilichoniua. Kilikuwa chake hasa.”

“Si ndiyo sifa ya mtani!”

Badria alisonya kimoyomoyo. Mtu ana sikio la kunasa kikohozi cha mke wa mwenzake, ila sauti ya mwenzake huyo inayokatika kwa uchungu ubavuni pake haisikii!

“Mwanne wangu alikohoa masika yote,” Shomari alisema polepole. “Nikawa namwambia anadeka, aniache nilale. Ulipokohoa pale kaburini, wenzangu walikusikia wewe. Mimi nilimsikia yeye.”

Badria akamwombea Maganga anyamaze, au walau aseme pole, neno dogo lisilohitaji kisomo. Lakini Maganga alizoea njia moja tu ya kumfariji mtu.

“Kumbe nawe unadeka, Mzaramo!” akacheka, akimpiga begani.

Basi likasimama Kivukoni. Shomari akashuka bila kugeuka nyuma, na Maganga akabaki na kicheko chake mdomoni, akiwatazama abiria wengine kama anayetafuta wa kumsaidia kukimaliza.