Merle Alihama Lini?

Mwisho wa Aprili ulikuwa umebisha hodi, na upepo wa Sioux City, jimboni Iowa, bado una meno. Merle Haugen, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuta wenzake wameshalikalia benchi la nje ya duka la donati la Ardith. Humo ndani, vikombe vya wateja wa kudumu hutundikwa ukutani kwa majina, na ukihama mji unashusha chako. Merle alihama Julai ya mwaka jana, akavuka daraja kwenda South Dakota, jimbo lisilokata kodi ya mapato, akajitapa benchini kwamba Iowa kawapiga chenga. Kikombe hakukishusha. Sasa Iowa wanataka hesabu ya ile miezi aliyokaa kwao, na karatasi yao inauliza: ulihama tarehe ngapi? Wiki nzima alikuwa anatembea na kalamu mfukoni. Kodi haikumtisha. Arlys, mkewe, alibaki upande huu, na Merle aliona akiandika tarehe atakuwa amemwacha kwa maandishi. Hilo benchini halikujulikana.

Waliokuwepo, kwa majina ya utani, ni Hesabu, aliyewahi kuuza mbegu za mahindi, na Gavana, aliyegombea bodi ya shule mara moja akaangushwa vibaya.

Gavana: Mdakota huyo. Lete habari za ng'ambo.

Merle: Ng'ambo gani, na ni hapo tu darajani? Nisaidieni, jamani. Mtu anahesabiwa kahama siku gani?

Hesabu: Siku uliyolala kule mara ya kwanza. Andika, tunywe kahawa.

Merle: Nililala kule, kesho yake nikarudi kukata nyasi huku.

Hesabu: Nyasi za nani?

Merle: Zangu. Za Arlys. Za pale nyumbani.

Gavana: Achana na nyasi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe Iowa hupo, basi na kodi yako haipo. Usijaze kitu.

Hesabu: Methali hiyo inamnyima mtu haki yake, Gavana. Haimsamehe deni.

Gavana: Ndiyo maana hujawahi kugombea.

Hesabu: Wewe uligombea, mkeo akampigia mwingine.

Merle: Jamani, kodi.

Hesabu: Haya. Unanyolewa wapi?

Merle: Kwa yule yule, huku.

Hesabu: Umekwisha. Nywele zinaota Dakota, zinavunwa Iowa. Watadai mavuno ni yao.

Merle: Nina kipara, Hesabu.

Hesabu: Basi hapo una nafuu.

Gavana: Ngoja kwanza. Mpaka si ni mto? Na mto huu si unahamahama kila mafuriko? Babu yangu alilala shamba liko upande huu, akaamka liko upande ule. Huenda hukuhama, Merle. Mto ndio uliohama.

Merle alicheka mpaka kahawa ikamwagikia magotini. Alijicheka na yeye mwenyewe. Mtu mzima, kazi yake ni kuunga vyuma, na leo anatafuta mto wa kuusingizia.

Pembeni alisimama dada mmoja mgeni, anasubiri boksi lake la donati. Alikuwa amesikia yote.

Mgeni: Samahani wazee wangu. Na huyo Arlys, yeye alihama lini?

Hesabu akachungulia kikombe chake. Merle aliona aibu, uso ukamwaka.

Merle: Hakuhama.

Gavana: Si ulituambia anafunga vyombo?

Merle: Niliwaambia hivyo, ndiyo. Yeye alisema nikaishi na kodi yangu, yeye ana bustani yake. Nikaona nikirudi mtanicheka.

Hesabu: Tungekucheka sana.

Gavana: Mpaka leo tungekuwa hatujamaliza. Mpigie.

Alipiga pale pale, wote wamemkodolea macho, na yule mgeni naye boksi mkononi, haondoki.

Merle: Arlys, ni mimi. Karatasi ya kodi inauliza nilihama lini.

Arlys: Kuhama? Buti zako za theluji ziko mlangoni tangu mwaka jana. Najikwaa kila asubuhi.

Merle: Nije nizichukue?

Arlys: Njoo uziweke mahali pake.

Merle alirudisha simu mfukoni, kalamu ikaanguka chini, hakuiokota.

Hesabu: Unajua, lakini? Ukisema hukuhama, Iowa watakula kodi ya mwaka mzima.

Merle: Waache wale.

Alikuwa ameshasimama. Alimpa Gavana kikombe akakitundike pale pale ukutani, kando ya cha Arlys.