Mama Mpera na Moshi wa Miti ya Matunda

Marehemu mama yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Mpera, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 katika chumba cha nyuma ya bucha ya baba yake, akiwa mtoto wa tatu. Alijifunza kutembea kwa kushika gogo la kukatia nyama.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1965. Kwenye ripoti mwalimu aliandika, "Ana akili, ila ana mdomo." Babu aliisoma, akamvisha aproni. "Haya, huo mdomo nenda nao kaunta."

Februari 1974 jokofu la bucha liliharibika likiwa limejaa. Ili kuokoa nyama, mama alijenga tanuri la matofali uani aikaushe kwa moshi, akachoma vipande vya msonobari kutoka kwa seremala wa jirani. Nyama ikatoka chungu kama shubiri. Seremala alikuja kuonja, akamaliza kipande kizima.

"Ni chungu?" mama aliuliza.

"Ni chungu. Lakini kosa ni la mbao zangu, zina utomvu. Nipe siku mbili."

Alirudi na mzigo wa matawi makavu ya mpera begani. Nyama ya safari hiyo ilitoka na rangi ya asali, na kabla ya jioni ilikwisha. Mama na seremala huyo walifunga ndoa tarehe 13 Desemba 1975, wakajaliwa watoto wawili. Tangu hapo, aliyepogoa mpera, mchungwa au mparachichi hakuwahi kuchoma matawi kabla wao hawajabisha hodi. Waliyapasua na kuyakausha kivulini miezi sita. Mti uliopuliziwa dawa hawakuugusa.

Juni 2018 mama aliteleza bafuni, akagonga kisogo. Alipona, lakini pua yake haikunusa tena. Miezi miwili hakuwasha tanuri. "Kazi yangu ilikuwa puani," alisema, "nayo imekwenda."

Mkwe wake, mke wa kaka yangu, alimfuata jikoni. "Mama, mimi pua ninayo, ujuzi sina. Tuchangie."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Kesho yake walikuwa uani: mmoja akinusa, mwingine akifundisha kwa macho. Moshi ukiwa mzito na mweupe, subiri. Ukiwa mwembamba, wenye rangi ya buluu kwa mbali, tundika nyama. Walifanya kazi hivyo karibu miaka mitano.

Mwanzoni mwa 2023 moyo wake ulianza kudhoofika. Jumapili yake ya mwisho mkwe alimletea nyama aliyoikausha peke yake. Mama alitafuna taratibu, sote tukimtazama.

"Punguza chumvi," alisema, kisha akasogeza sahani aongezewe.

Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Agosti 2023, nyumbani, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mkwe mmoja na wajukuu watano. Mungu amlaze mahali pema, apumzike kwa amani. Yule aliyejifunza kutembea kwa kushika gogo la kukatia nyama alisimama kwa miguu yake miaka mingi.