Kornelio Heche na Vyungu vya Kiporo

Marehemu Kornelio Heche alizaliwa Genkuru tarehe 12 Machi 1931. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1947, kisha akaachishwa ili achunge ng'ombe. Dada yake Bhoke, aliyeandika haya, anakumbuka ng'ombe walivyopotea mara mbili kwa sababu mchungaji alikuwa anasoma kitabu.

Mwaka 1956 alimwoa Nyangi. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni karibu na Ikoma, na huko mgeni mmoja, mwalimu wa sayansi, alimwonyesha kwamba chakula kikioza ndani ya tope, vidudu visivyoonekana kwa macho hukila na kutoa umeme kidogo. Nyangi alipofariki mwaka 1972, Kornelio alirudi nyumbani na jambo hilo kichwani.

Watu wa kwetu walipohamia kijiji cha ujamaa mwaka 1974, darasa la watu wazima lilipewa redio, lakini mawe yake, yaani betri, hayakupatikana madukani. Kornelio akasema, "Nileteeni makombo." Alifukia vyungu ishirini vya tope na makombo uani, akatia vijiti vyeusi alivyovitoa kwenye mawe mabovu, akaviunganisha kwa waya. Kila nyumba ilimpa kiporo. Agosti 1976, redio ikasema! Ilinong'ona tu, na jirani yake, Mzee Wangwe, akainama kuisikiliza, akasema:

"Huyu amekula ugali wangu wiki nzima na bado hana nguvu ya kusema? Mwongezeni!"

Watu walicheka hadi machozi.

Mwezi uliofuata, mjukuu wa Wangwe alifariki kwa surua. Kwetu makombo ya mtu hayakai mikononi mwa mwingine. Mchawi hahitaji zaidi ya hayo. Kornelio alilijua hilo tangu utoto, akalisahau kwa furaha yake. Hakuna aliyemshtaki. Waliacha kuleta kiporo, wakaacha kumwita kula nao, na mwisho hata watoto wakaacha kumwamkia. Redio ikanyamaza. Bhoke alipokuja kutoka Sirari, alikoolewa, alimkuta akisonga ugali wa watu sita.

"Kaka, unampikia nani?"

"Nataka ugali ubaki uwe kiporo, mdogo wangu. Redio ikisema tena, watarudi."

Miaka mitatu alipika hivyo. Ilimuuma, tusidanganyane.

Juni 1979 alishikwa na kichomi. Waliokwenda kisimani walimsikia akikohoa siku tatu, na hakuna aliyebisha hodi. Bhoke alifika tarehe 9. Kesho yake, saa nne asubuhi, Kornelio alimwambia, "Waambie wachungulie vyungu. Ni chakula tu." Akakata roho.

Jana Mzee Wangwe alivifukua vyote ishirini kwa mikono yake. Alikuta ugali uliooza. Alikaa chini pale pale akalia, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Marehemu ameacha dada mmoja, Bhoke, wapwa wanne, na majirani hawa wote, ambao tangu asubuhi wamejaa uani kwake, wanapika, wanakula pamoja. Kaka, wamerudi. Mungu akulaze kwa amani.