Jumamosi Tunakwenda Kempingi

Kijiwe chetu kiko Joubert Park, chini ya jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijafika Joburg na mpaka leo haijazikwa. Benchi lenyewe ni la kanisa. Kanisa la ghorofa ya tano lilipohama, waumini waliliteremsha kwa ngazi hadi barabarani, wakalitazama, wakatazamana, wakaliacha hapohapo. Tukalirithi pamoja na maandishi ya mgongoni, "Nyamaza mbele za Bwana", amri ambayo hatujawahi kuitii. Upande wa kulia hukaa Bakiri wa Tanga na kahawa yake ya tangawizi, naye tunamwita Birika. Upande wa kushoto hukaa Placide wa Uvira na cherehani yake ya miguu, huyo ni Sindano. Katikati hukaa Seif, mlinda magari ya watu pale kwenye taa, jina lake Robot, maana huku taa za barabarani huitwa robot, ingawa robot yenyewe umeme ukikatika hunyamaza na yeye hanyamazi. Akipita kazini husimama pia Njoroge, Mkenya mwenye tai na baki jeupe, pikapu la kubebea mizigo, huyo ni Benki. Asubuhi hiyo ya Agosti baridi ilikuwa inang'ata masikio kama mbwa wa jirani. Jengo lilikuwa limeuzwa. Mwenye jengo mpya alikuwa ameahidi kutia mnyororo mlangoni Jumamosi, na Sindano, anayeishi ghorofa ya tatu na mke na watoto, alikuwa hana pa kwenda. Kwa hiyo alikuwa anashona hema la karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari.

Robot: Sasa hilo karavani, mzungu amekupa hivihivi?

Sindano: Hivihivi. Mzee Wayne wa Kensington, ule nilimushoneaka mapazia yake ya ndani. Anahamia kwa binti yake ng'ambo. Akasema, Placide, chukua, majirani banalalamika inawazibia njia.

Robot: Na chumba cha kupanga? Umekosa kabisa?

Sindano: Kila mlango naonyesha karatasi yangu ya ukimbizi. Banaiangalia juu, banaiangalia chini. Banasema tutakupigia. Ndugu, hii simu yangu ingekuwa kuku ingekuwa imeshaatamia.

Benki: Wacheni kulia. Hii kitu mimi nimeipangia. Hifadhi zote za serikali ziko na kempingi. Kuna maji moto, kuna choo, kuna stima, na askari yuko kwa geti usiku kucha. Hapa Joubert Park, nani kati yenu ako na maji moto?

Hoja ilikuwa imetukamata pabaya.

Benki: Nitabuku kwa jina langu, navuta karavani na baki yangu. Siku zikifika mwisho kwa hiyo kempingi, tunavuta tunaenda ingine. Zikiisha zote, tunarudi ya kwanza. Ni mzunguko tu. Hata mwezi unazunguka, na nani amewahi kuudai kodi?

Robot: Hapo umenena. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake siku ya tatu serikali inampa Sindano kazi ya bustani!

Birika: Hiyo methali ni ya kumfukuza mtu, wewe.

Robot: Kwenu Tanga. Huku Afrika Kusini jembe ni ajira.

Birika akammiminia kahawa ili mdomo upate shughuli nyingine. Haikusaidia.

Robot: Na ovaloki yake ya umeme, ile mashine ya kupindia kingo za nguo? Itafanya kazi?

Benki: Kila kiwanja kiko na nguzo ya stima. Unachomeka tu waya.

Robot: Basi ameula! Mbuzi hula urefu wa kamba yake. Nunua waya mrefu, Sindano, utashona mpaka getini!

Sindano hakuinua kichwa. Turubai lilikuwa limechanika toka pembe hadi pembe, naye alilipitisha chini ya sindano taratibu, kama anayemvalisha mgonjwa.

Mimi: Lakini wateja? Nani atapeleka suruali yake porini ikapunguzwe?

Benki: Wazungu! Enyewe mimi na Sindano tulienda Jumapili kuangalia. Mahema yote pale zipu zimeharibika. Yote! Mtu analala nusu nje nusu ndani. Huyu atakuwa mfalme wa zipu. Lakini, Sindano, waambie kwanza ile aibu ulinifanyia.

Sindano: Aibu gani? Nilifanya utu.

Benki: Waambie.

Sindano: Basi, tulifika, nikakuta mzee na bibi yake banakaa nje ya karavani. Viti viwili. Sufuria moja. Kamba ya nguo. Banaangalia moto, habaongei. Nyuma yao bengine wako kwa foleni ya kuosha sahani. Roho ikaniuma. Nikajiambia, kumbe hata bazungu sasa wanafukuzwaka. Nikaenda, nikatoa kofia, nikamushika mkono ule mzee, nikamuambia pole sana kwa yenye yamewapata. Jengo yenu ilikuwa wapi?

Benki: Mimi nilikuwa natafuta shimo niingie.

Sindano: Mzee akasema, sisi tuko na nyumba, vyumba vinne. Tumekuja kupumzika. Nikamuuliza, kupumzika uchovu ya nini? Akafikiri. Akafikiri tena. Akasema, ya nyumba.

Benchi zima likalia kwa kicheko. Mama anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara aligeuka kutazama nani amekufa.

Sindano: Musicheke. Banatuandalia chai, biskuti, beko bazuri sana. Na pale ukisalimia mtu, kitu cha pili anakuambia siku yake ya kurudi. Sisi Jumatatu, sisi Alhamisi. Kama jina la ukoo.

Birika: Na wewe ulijibu nini?

Sindano akakanyaga pedali. Cherehani ikajibu kwa niaba yake.

Robot: Eish, tatizo mimi naliona lingine. Askari wa geti. Mara ya tatu atalijua lile karavani. Atasema, nyie tena?

Birika: Si fundi yupo? Ashone magauni. Karavani livae bluu kempingi ya kwanza, maua ya pili, mistari ya tatu. Askari anaangalia gari, haangalii uso. Sisi sote hapa tumepita mipaka mingapi, nani alituangalia usoni?

Benki: Hapana, hiyo ni uhalifu. Fanya kanisa. Andika ubavuni "Huduma ya Jangwani". Musa alikaa kempingi miaka arobaini na hakuna mtu alimuuliza anatoka lini.

Robot: Na hakufika!

Benki: Wacha hiyo sehemu.

Birika: Nyie wote hamjui. Mle hifadhini kuna nani? Kuna pofu, yule mnyama mkubwa wa pembe, kuna swala, kuna punda milia. Nani amewahi kumwomba pofu karatasi? Amezaliwa wapi, ameingilia mpaka gani, kaja kuchukua kazi ya nani? Pofu akiingia tu, anawekewa uzio na bunduki ya kumlinda. Sindano, nisikilize mimi. Kaeni kimya nyuma ya kichaka. Asubuhi moja moja toka na familia, mle majani kidogo mbele za watu. Mwezi wa pili mtahesabiwa, mwezi wa tatu mtapigwa picha.

Robot: Mtoto wa pofu haendi shule.

Birika: Na hafukuzwi kwenye ghorofa pia.

Mimi nikaona nisipitwe. Nikasema karavani lisisimame kabisa. Liwe linatembea tu, Joburg hadi baharini na kurudi, maana kitu kinachotembea hakiwezi kufukuzwa. Baada ya muda litangaze uhuru. Sindano rais, bendera ya turubai, Robot waziri wa methali. Robot akadai mambo ya nje. Benki akachukua fedha bila kuulizwa. Birika akauliza kama nchi hiyo itapokea wakimbizi.

Benki: Wacha kwanza ipate kempingi yake yenyewe!

Tulicheka mpaka kahawa ikatupanda puani. Sindano naye alicheka, kicheko cha mtu aliyechangishwa harusi isiyo ya kwao. Hatukumwona mkewe mpaka kivuli chake kilipoangukia turubai.

Thérèse husuka nywele mjini na hupita kijiweni mbiombio, salamu ikimfuata nyuma. Hajawahi kusimama. Siku hiyo alisimama, mfuko wa rasta begani, mikono imekauka kwa baridi.

Robot: Karibu, shemeji! Karibu rais wa kwanza mwanamke!

Thérèse: Bonjour, bapapa. Papa Benita, mwalimu alipiga simu.

Sindano: Kuna nini tena? Mutoto anaumwa?

Thérèse: Haumwi. Anafurahi. Tangu jana anakunja nguo zake, anakunjua, anakunja. Ameambia darasa yote, Jumamosi tunaenda kempingi. Benzake banamuonea wivu, hata ule mwenye nyumba ya bwawa la kuogelea. Weye ndiye uliambia batoto ni matembezi.

Sindano: Ningewaambia nini?

Thérèse: Sikugombezi. Mwalimu amefurahi na yeye. Anasema ni muzuri, mutoto aone nyama za pori zikitembea. Wako na kwaya mwisho wa mwezi, Benita ndiye anaanza wimbo. Anataka kujua kama amungojee ao aweke mwingine. Anauliza kitu moja tu.

Akahamishia mfuko bega la pili.

Thérèse: Tunarudi siku gani?

Benki, aliyekuwa na ramani ya kempingi zote kichwani, aliinamia tai yake akaanza kuinyoosha, na ilikuwa imenyooka. Robot alifungua mdomo. Niliiona methali ikipanda, ikafika kwenye meno, ikageuza. Mimi niliyekuwa nimeanzisha jamhuri nzima dakika mbili nyuma nilitafuta neno moja la kumpa mama yule, hata la uongo, hata la kuchekesha, nikakosa. Birika alichukua kikombe kisafi, akainamisha birika ampe angalau kitu cha moto. Yakatoka machicha.

Kwa mara ya kwanza benchi lile lilitiiwa.

Thérèse: Siku tu. Mimi nitamupigia.

Sindano: Mama Benita...

Thérèse: Jumatatu? Niseme Jumatatu?

Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayeuliza njia. Kisha akatikisa kichwa kidogo, akavuka barabara kuelekea mjini. Taa ilikuwa nyekundu. Magari yalimpigia honi, na Robot, ambaye kazi yake ni magari, hakuinuka.

Sindano akalivuta turubai, akakanyaga pedali, akaanza kushona kwa kasi, kichwa chini kabisa. Cherehani ikalia ka-ka-ka-ka. Mimi niliyekaa karibu yake ndiye niliyeona kwamba uzi ulikuwa umekatika zamani. Turubai liliingia chini ya sindano na kutokea upande wa pili likiwa na mstari wa matundu. Hakuna aliyemwambia. Alishona hivyo mpaka mwisho wa pembe, akaligeuza, akaanza upande mwingine.