Mwenye Muhogo

Teksi ya Koboko ilikuwa haijamaliza kutoka Arua, na mama aliyekaa mbele yangu, muuza unga wa muhogo, alikuwa tayari amekasirikia riwaya aliyokuwa akiisoma. Aliipiga kofi. Jirani yake, mwalimu ambaye kosa lake lilikuwa kumuuliza anasoma nini, hakuwa na pa kukimbilia.

"Huyu mutu wa kitabu amepotea kwa msitu siku kumi na mbili," mama alisema. "Anasema hakuna mutu, iko nyani tu. Halafu anakuta muhogo imepandwa mistari-mistari! Anachimba, anakula, anashukuru msitu!"

"Alikuwa na njaa, mama."

"Njaa mimi najua! Wakati wa vita tulikimbilia Kongo, mimi mtoto. Sisi pia tulichimba muhogo ya mutu. Mwenyewe akakuja na panga. Mama yangu akapiga magoti. Ule mwanamke mwenye shamba akatuangalia, akarudi kwake, akaleta sufuria na chumvi."

Mwalimu akaeleza, kwa sauti ya darasani, kwamba riwaya ni mambo ya kubuni tu. Nilimhurumia.

"Kubuni? Mwandishi amebuni nyani, kubuni mwenye shamba imemushinda?"

Teksi ikasimama kwenye njia ya Ludara. Mwalimu akashuka haraka kuliko umri wake. Mama akafungua dirisha, akatoa kichwa chote nje.

"Mwalimu! Ule mwanamke wa chumvi alikuwa anaitwa Rosa Kiden! Fundisha hiyo!"