Toga Iliyobaki Nyumbani

Wasifu wa Profesa Achille Cubaka Buhendwa (1974–2025), unasomwa na dada yake mdogo, Nshobole

Ndugu, majirani na wanafunzi wake, naomba mnivumilie. Kaka yetu alitumia maisha yake kuchunguza jinsi wakubwa wanavyopima kazi za watu na kuwalipa, na leo mimi ndiye natakiwa kumpima yeye.

Achille alizaliwa Kabare tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa Papa Buhendwa na Mama Emerance. Alikuwa mtoto wa wasiwasi. Matokeo ya shule yalipotangazwa alijificha nyuma ya kanisa, hata miaka aliyokuwa wa kwanza, na mimi ndiye niliyetumwa kumtafuta. Alipata diplôme d'État ya kumaliza sekondari Bukavu mwaka 1993, kisha licence, yaani shahada, ya uhasibu hapa Goma mwaka 2000.

Thèse yake, utafiti wake wa udaktari, ilihusu makarani wa kupitisha mizigo mpakani Bunagana: nani anapewa prime juu ya mshahara, na kwa kipimo gani. Mwaka 2007 aliwahoji ndani ya ofisi, mkubwa wao akiwa ameketi palepale. Wote walijibu kwamba mkubwa ni mtu wa haki. Achille alirudi Goma amefurahi kweli, mpaka mwalimu wake alipoangua kicheko. Akaanza upya, safari hii mbali na ofisi. Karani mmoja, Donatille Umwiza, alimwambia: "Ile siku chef alikuwa pale, nikasema eko mutu muzuri. Leo andika ukweli: prime anapatiaka bashemeji yake tu."

Alirudi kumhoji tena na tena, hata maswali yalipokwisha. Baadaye aliyaondoa majibu yote ya Donatille kwenye utafiti, akisema hawezi kumpima kwa haki mtu anayempenda. Walifunga ndoa hapa Goma tarehe 8 Agosti 2009, na Mungu akawapa Cédrick na Joviale.

Alipata udaktari mwaka 2013. Tangu hapo, kila Jumamosi aliwafundisha watafiti vijana nyumbani kwake Mabanga. Kabla ya kwenda kuwahoji wafanyakazi, kila mmoja alihojiwa kwanza na mwenzake kuhusu mshahara wake mwenyewe, ili aionje ile aibu. Wengi walikimbia. Binti mmoja, Élodie, alibaki.

Siku ya Élodie kutetea thèse iliahirishwa vita vilipoingia mjini Januari mwaka huu, ikaahirishwa tena Julai, Achille alipolazwa kwa ugonjwa wa figo. Élodie akamwambia: "Prof, nimechoka. Naacha." Kaka alimbembeleza mpaka akakubali tarehe ya tatu. Kuanzia siku ile hakuogopa kifo, aliogopa tarehe hiyo kupotea. Kila nilipompelekea uji aliniuliza kuhusu watahini wa kutoka Bukavu: "Nsho, ba-jury bangali na tarehe ile? Bateau ya Bukavu inatembea?"

Aliaga dunia Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 51. Élodie anatetea keshokutwa, Alhamisi.

Jana baba yetu mdogo, Papa Adalbert, alikataa utetezi huo ufanyike wiki hii. "Hapana, mutoto. Kaburi itakuwa ingali mubichi, tutapiga makofi namna gani?" Élodie aliinamisha kichwa, nami nikajua tumeshindwa. Ndipo Donatille aliposimama, akachukua toga, lile joho la udaktari tulilokuwa tumeliandaa kumzika nalo mumewe, akaipima mabegani mwa Élodie.

"Ni murefu," alisema. "Nitapunguza pindo."

Ndiyo maana mmemwona Achille amevaa suti tu. Mlinong'ona, niliwasikia. Papa Adalbert bado amenuna, lakini ndiye aliyekwenda kununua uzi.

Marehemu anaacha mama yetu Emerance, mjane wake Donatille, watoto wawili, mimi dada yake, na Élodie, ambaye akitangazwa daktari atavikwa toga ile. Mnakaribishwa wote, Alhamisi saa tatu asubuhi. Wanajury wamepanda boti Bukavu leo. Bado nasubiri simu yao.

Pumzika, kaka. Tarehe ni ileile.